Kuotesha mdagu: waridi la jangwani kutoka mbegu hadi maua

Ukipita barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi wakati wa kiangazi, sehemu za Maungu na Voi, tupa macho kwenye mawe yaliyo mbali kidogo na lami. Nyasi zimekuwa rangi ya vumbi, vichaka vimebaki vijiti, lakini hapo katikati kuna mti mfupi wenye shina la kijivu lililofura chini. Hauna jani hata moja, na ncha za matawi zimejaa maua ya waridi yenye koo jeupe. Huo ndio mdagu. Vitaluni unauzwa kwa jina la waridi la jangwani, na wataalamu wa mimea wanauita Adenium obesum. Si mgeni kwetu. Kwao ni ukanda wote wa nchi kavu kuanzia Senegali, ukapita Sudani, Ethiopia na Somalia, ukashuka Kenya hadi Tanzania, na ng'ambo ya bahari uko Yemen na Dhofar, kusini mwa Oman.

Ajabu ni kwamba mti huu unaostahimili Tsavo hufa barazani kwa mtu, chini ya kivuli kizuri, ukimwagiliwa kila asubuhi. Unakufa kwa sababu unamwagiliwa kila asubuhi. Porini mvua hunyesha kwa kishindo, maji yanapita katikati ya mawe na kutoweka, kisha inafuata miezi ya ukavu. Mizizi imezoea kulowa mara moja na kukauka haraka. Karibu kila agizo lililo hapa chini linatokana na jambo hilo, kwa hiyo ukilishika hilo hata ukisahau mengine utafika.

Kabla ya yote: utomvu wake ni sumu

Mdagu ni wa jamii moja na mwoleanda (oleander), kile kichaka cha maua cha bustanini. Ukikata tawi, maji yanayotoka yana sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, huyachemsha hadi yawe mazito na kuyapaka kwenye mishale ya kuwindia, na si wao peke yao Afrika waliotumia mti huu hivyo. Kwa hiyo vaa glavu unapokata, usijishike macho, osha kisu na mikono kwa sabuni, na vipande ulivyokata usivitupe mahali mbuzi wanapita. Chungu kiwekwe mbali na mtoto aliye katika umri wa kutia kila kitu mdomoni. Mtu akitafuna sehemu yoyote ya mti, mpeleke hospitali na ubebe tawi ili daktari ajue anashughulika na nini. Usipoteze muda na maziwa wala dawa za jirani.

Kuugusa tu hakuna neno. Wapo watu wenye mdagu mlangoni miaka na miaka bila tatizo lolote.

Hatua ya 1: Pata mbegu, usichimbe porini

Kando ya barabara utakutana na midagu mikubwa inayouzwa, shina nene kama paja, bei ya kuvutia. Mingi imeng'olewa porini. Ukiacha kwamba mti wa ukubwa huo umechukua miaka mingi kukua na hakuna anayepanda mwingine mahali pake, hata kibiashara haikulipi. Mti uliochimbwa kwa jembe huacha ardhini mizizi myembamba ambayo ndiyo inayokunywa. Shina lina akiba ya maji, kwa hiyo unaendelea kuonekana mzima kwa miezi, pengine unatoa hata maua, huku ndani unaoza taratibu. Ukija kugundua, muuzaji hayupo.

Ni rahisi kuutambua: mizizi minene iliyokatwa ikaishia ghafla, gome lenye makovu na kuungua jua upande mmoja, matawi yaliyopinda ovyo, na udongo mwekundu wa porini ulioganda shinani. Mti wa kitaluni una umbo la kulingana pande zote na mizizi yake imejaa chungu chote.

Mbegu ndiyo njia bora, kwa sababu mti uliotokana na mbegu ndio unaofanya lile tumbo la chini tangu utotoni. Mbegu ni kijiti kidogo cha rangi ya udongo, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele mrefu, chenye shada la nyuzi laini kila upande. Nunua mpya. Kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyopoteza nguvu, na za mwaka jana zitakuotea chache. Ukiibonyeza kwa kucha iwe ngumu na imejaa. Ikibonyea, ni ganda tupu.

Hatua ya 2: Udongo

Hapa usifanye haraka. Udongo mweusi wa shambani, ule tunaousifu kwa mahindi na sukuma wiki, ni kaburi la mdagu. Unashika maji. Mchanganyiko unaofaa ni huu, kwa kipimo chochote ulicho nacho, iwe ndoo au kopo:

- sehemu mbili za mchanga mnene wa mto au kokoto ndogo zilizochekechwa na kuoshwa vumbi
- sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, au mboji iliyooza kabisa
- sehemu moja ya makaa yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, au pumba za mpunga zilizochomwa

Mtu wa Naivasha na maeneo ya karibu anaweza kutumia yale mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia visigino, yakavunjwa vidogo badala ya kokoto. Ni bora zaidi, kwani yanabeba hewa ndani yake. Mtu wa pwani asichote mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na mwembamba wake unashikana. Makumbi ya nazi nayo, yakitoka karibu na bahari, yaoshe kwa maji baridi mara mbili tatu kabla ya kuyatumia.

Kipimo cha mwisho ni maji. Jaza chungu, mimina kikombe kizima juu kwa mara moja. Maji yakizama papo hapo na kuanza kutoka chini kabla hujahesabu kumi, umefaulu. Yakisimama juu kama kidimbwi, ongeza kokoto. Usijidanganye kwa kuweka tabaka la mawe chini ya chungu na udongo mzito juu yake. Maji yatabaki katika udongo huohuo mzito.

Hatua ya 3: Kusia mbegu

Wakati mzuri ni wa joto. Pwani unaweza kusia karibu mwaka mzima ila Juni hadi Agosti, na bara kwenye baridi subiri Septemba ivuke. Mbegu inataka joto la nyuzi 25 hadi 32.

Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu kwa saa mbili hadi nne, zisilale humo usiku kucha. Jaza trei au beseni pana lenye matundu kwa mchanganyiko wako, nyunyizia maji ulowe wote, kisha laza mbegu ubavu, umbali wa sentimita tatu kati yake. Zifunike kwa mchanga mwembamba, nusu sentimita tu. Weka mahali penye joto na mwanga usio jua kali, na hakikisha sehemu ya juu haikauki. Huu ndio wakati pekee katika maisha ya mdagu ambapo maji ya kila siku yanaruhusiwa.

Mbegu mpya huanza kuchomoza baada ya siku tatu hadi kumi. Miche hutoka na shina fupi nene lenye majani mawili ya mwanzo, na tayari utaona limevimba kidogo chini. Ikishachomoza, anza kuizoesha jua la asubuhi na punguza maji hadi kila baada ya siku mbili. Mche ukilegea na kuanguka, na pale unapogusana na udongo pakawa pembamba na peusi, huo ni ugonjwa wa fangasi unaoletwa na unyevu. Ng'oa huo utupe, acha udongo wa mingine ukauke, na peleka trei mahali penye upepo.

Hatua ya 4: Kuhamisha na kuchagua chungu

Miche yenye majani sita au zaidi iko tayari kuhama. Kila mmoja uingie katika chungu chake kidogo, kipana kama kikombe cha chai. Kishawishi ni kuupa chungu kikubwa ili usihangaike tena. Acha. Udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji muda mrefu, na mizizi huoza.

Baadaye, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, utauhamishia chungu kipana kidogo zaidi. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko cha plastiki kwa vile kinapumua, na kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu. Beseni la zamani pia linafaa ukilitoboa matundu makubwa kwa msumari wa moto, manne au matano, si moja.

Na hapa ndipo siri ya lile tumbo ilipo. Kila unapouhamisha, panda mti ukiwa umeinuka sentimita mbili au tatu juu ya ulivyokuwa, ili sehemu ya juu ya mizizi ibaki nje. Mizizi hiyo hugeuka kuwa shina, hunenepa na kupata gome. Ukiwa na subira ya miaka minne mitano, unapata lile umbo ambalo watu hulipia pesa nyingi. Mizizi mipya iliyotolewa nje isipigwe jua kali siku hiyohiyo; ifunike na kitambaa chepesi kwa wiki moja. Na ukishahamisha mti usiumwagilie hadi siku tano au saba zipite, majeraha ya mizizi yakauke kwanza. Watu wengi hufanya kinyume, wanahamisha kisha wanamwagia ndoo.

Hatua ya 5: Jua, na maji kwa majira

Jua la jumla ya saa sita kwa siku ndiyo kiwango cha chini. Kwenye kivuli mti utaishi, utarefuka na kuwa mwembamba, na maua utayasikia kwa jirani. Ila mti uliokulia chini ya neti ya kitalu usiuanike ghafla juani: gome litaungua na kuacha kidonda upande mmoja. Uzoeshe kwa wiki mbili, jua la asubuhi kwanza.

Kuhusu maji, swali la "mara ngapi kwa wiki" halina jibu. Ingiza kidole au kijiti hadi kati ya chungu. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kikiwa kikavu kabisa, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha usiuguse hadi ukauke tena. Kuinua chungu kwa mkono pia husaidia. Baada ya muda utajua uzito wa chungu kikavu bila kufikiri.

Wakati wa masika, chungu kilicho nje hakihitaji chochote kutoka kwako ila ulinzi. Mvua ikishika siku tatu nne mfululizo, kiingize chini ya paa, au kiinamishe upande kwa jiwe ili maji yapite. Kipupwe, Juni hadi Agosti, mti hupunguza mwendo. Nairobi, Arusha na miinuko mingine huweza kupukutisha majani yote, na hapo ndipo wenye huruma hukimbilia maji wakidhani una kiu. Umelala. Mpe kikombe kimoja kila baada ya wiki tatu au usimpe kabisa, na usiku wa baridi kali msogeze ukutani penye joto. Chini ya nyuzi 10 anaanza kuteseka. Vuli inapoanza na vichipukizi kutokea, rudisha maji kidogo kidogo. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ndiyo neema yake.

Walioko Muscat wanajua joto la kiangazi cha huko. Chungu cha plastiki cheusi juu ya sakafu ya saruji hupika mizizi, kwa hiyo tumia cha rangi nyeupe na ukiinue juu ya matofali. Aliyeko Ulaya auweke mti dirisha linalotazama kusini, na kuanzia Novemba hadi Machi asimpe maji zaidi ya tone la kumkumbuka, kisha autoe nje usiku unapopata joto.

Hatua ya 6: Mbolea

Kidogo. NPK ya 17-17-17 inayouzwa maduka ya kilimo inatosha: nusu kijiko cha chai, kwa chungu cha upana wa sentimita 25, ukiinyunyiza pembeni mwa chungu mbali na shina na kumwagilia hapohapo. Fanya hivyo kila baada ya wiki sita wakati mti una majani na unakua. Ukiwa umelala, hapana. Usitie urea wala CAN, zile mbolea za nitrojeni nyingi. Utapata majani makubwa ya kijani yanayong'aa na shina laini linalooza upesi, bila ua hata moja. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu, na iwe konzi moja tu.

Hatua ya 7: Kupogoa

Mdagu hutoa maua kwenye ncha za matawi. Ncha nyingi, maua mengi. Ndiyo sababu tunakata. Chagua mwisho wa kipupwe, mti unapojiandaa kuamka, na siku isiyo na dalili ya mvua. Kwa kisu kikali kilichopitishwa kwenye spiriti, kata kila tawi ukibakiza sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje. Pangusa utomvu kwa karatasi, paka unga wa makaa au mdalasini kwenye jeraha. Kila mkato kwa kawaida huleta vichipukizi viwili vitatu, na baada ya miezi miwili au mitatu utaanza kuona matumba.

Mti utaonekana kituko kwa wiki kadhaa. Vumilia.

Wadudu na kuoza

Vidukari vya manjano hupenda ncha laini na matumba. Vidung'ata, vile vyenye unga mweupe kama pamba, hujificha kwenye makwapa ya matawi. Wote wawili wanaondoka kwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, ukinyunyiza jioni na kurudia baada ya siku tano. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa. Majani yakiwa na vidoa vya manjano na utando mwembamba chini yake, ni utitiri, na huyo anachukia maji: osha majani upande wa chini kwa mpira.

Ukiamka ukakuta tawi zima limebaki vikonyo, tafuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho karibu na kichwa. Ni mtoto wa nondo anayeishi kwenye mioleanda, na sumu ya mdagu haimsumbui hata kidogo. Mtoe kwa mkono. Huwa ni mmoja au wawili tu, hakuna haja ya kupulizia sumu bustani nzima.

Kuoza ndiko kunakoua. Fanya tabia ya kuminya shina kwa vidole kila wiki. Likiwa gumu, salama. Likibonyea kidogo kotekote na udongo ni mkavu, mti una kiu tu. Likibonyea sehemu moja na udongo una unyevu, hapo usingoje kesho. Ng'oa, osha mizizi, na kata sehemu iliyolainika kipande baada ya kipande, ukisafisha kisu kwa spiriti kila mara. Nyama iliyooza ni ya kahawia na ina harufu. Endelea hadi ubaki na nyama nyeupe tupu, bila hata uzi mmoja wa kahawia. Doa dogo ukiliacha litarudi. Paka unga wa makaa, ning'iniza mti kivulini penye upepo kwa wiki mbili, hadi jeraha liwe gumu kama gamba, ndipo upande upya katika mchanga mkavu. Nimeona mti uliobaki nusu ya shina ukirudi na kuchanua.

Ukitaka rangi ileile

Mbegu za ua jekundu zinaweza kukupa waridi, au nyeupe yenye ukingo, au chochote. Ukitaka ua fulani bila kubahatisha, kata tawi la sentimita 15 hadi 20, liache kivulini likauke jeraha kwa wiki moja, kisha lichomeke katika mchanga. Litaota, ingawa tumbo lake halitakuwa zuri kama la mti wa mbegu. Ndiyo maana ile ya maua yenye petali nyingi iliyojaa madukani, mingi asili yake ikiwa vitalu vya Thailand na Taiwan, imeunganishwa: shina la mti wa mbegu, juu yake kikonyo, yaani kipande cha tawi la mti wenye ua linalotakiwa. Unakata shina na kikonyo kwa unene unaolingana, unavikutanisha, unafunga kwa plastiki laini, unafunika na mfuko na kuweka kivulini wiki mbili. Kwangu mimi ua la asili la petali tano linatosha. Yale ya petali nyingi hulowa mvua yakaoza kabla hayajafunguka.

Kuvuna mbegu zako

Mdagu ulioko barazani mara chache hufunga mbegu wenyewe, maana chavua imefichwa ndani ya koo la ua, chini ya koni ya nyuzi. Unaweza kumsaidia: chana ua upande mmoja hadi uione koni, chukua chavua kwa brashi ya nywele chache sana, na uiingize kwenye tundu la pembeni la koni ya ua la mti mwingine. Mti mwingine, si ua jingine la mti uleule. Wengi hawakubali chavua yao wenyewe.

Ikishika, yatatokea maganda mawili yaliyotazamana kama pembe za ng'ombe, na yatachukua miezi kadhaa kukomaa. Yanapoanza kubadilika kutoka kijani kwenda kahawia, yazungushie uzi au raba sehemu mbili tatu, au uyavalishe soksi kuukuu. Ganda hupasuka lenyewe mchana wa jua, na zile nyuzi laini zikishika upepo, mbegu zote zinaondoka ndani ya saa moja. Lililofungwa litapasuka mstari mwembamba tu; lichume, toa mbegu, ondoa nyuzi kwa vidole, na uzisie wiki hiyohiyo.